Blogu ya biashara: anza na lile suala linalokuchosha kila siku

Mwaka wa kwanza tulipofungua gesti yetu hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, vyumba 6 tu na banda la kulia chakula, alikuja mgeni mmoja katoka uwanja wa ndege moja kwa moja, kaweka begi, kavaa nguo za kukogea, kashuka pwani. Hazikupita dakika 5 karudi, kasimama mbele ya meza yangu ananitizama kama n'lomuibia kitu, akaniuliza bahari iko wapi. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, maji yamekupwa yamekwenda huko karibu na mwamba, pwani yote mchanga na majani na kinamama wameinama kwenye mashamba yao ya mwani. Nkamwambia itarudi, subiri saa kumi. Akasubiri, akakoga, akala, akalala, na alipoondoka akatuandikia reviu ya nyota 2 kwamba picha zetu za uongo, hakuna bahari.

Ami yangu ndo mwenye nyumba, yeye alicheka mpaka akakaa chini. Mie sikucheka, mana mie ndo najibu meseji, na kusema kweli picha zetu zote tulipiga saa kumi jioni.

Wakati huo blogu tulikuwa nayo tayari, n'shaandika posti 11. Karibuni Jambiani. Heri ya mwaka mpya. Sababu 10 za kuja Zanzibar, ile ambayo kila hoteli kutoka Nungwi mpaka Kizimkazi wanayo na zote zinasema mchanga mweupe na watu wakarimu. Hakuna aliyesoma, na wallahi hata mie nsingesoma. Usiku ule kwa hasira nikaandika posti ya 12, jina lake Bahari ya Jambiani inaondoka saa ngapi na inarudi saa ngapi, na hiyo ndo posti ya kwanza iliyoniletea mgeni ambaye hatujui wala hatumjui, kafika kwetu kwa kusoma tu. Haya yote nnayoandika hapa chini yametoka kwenye posti ile moja, mengine ni makosa yangu ambayo sitaki na weye uyalipie.

Daftari kwanza, websaiti baadae

Watu wengi wakitaka blogu wanaanza na rangi na logo, tena wanalipa. Acha kwanza hayo. Nunua daftari la skuli, liweke pale unapouzia, na kwa wiki 2 andika kila suala analouliza mteja kwa maneno yake yeye, si yako. Usiyasafishe. Mgeni hasemi kupwa na kujaa, anasema bahari imekauka. Anaeuza mafriji hapo Darajani haulizwi matumizi ya nishati, anaulizwa linakula umeme kiasi gani, tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi inakaa siku ngapi. Na vile anavokuuliza kwa mdomo ndo hivo hivo atakavoandika kwenye Google saa sita ya usiku akiwa kalala, kwa hivo ukiandika kwa maneno ya kitaalamu yako mnapishana njia.

Kama huna subira ya wiki 2 basi fungua WhatsApp ya biashara, kwenye sehemu ya kutafuta andika "bei", kisha "vipi", kisha "saa ngapi", kisha "mnaleta", uone meseji zinazotoka. Humo mna posti za mwaka mzima umeshaziandika kwa kujibu mtu mmoja mmoja. Halafu waulize na wale wanaokaa na mteja weye ukiwa haupo, dereva, kijana wa kaunta, mpishi. Mpishi wetu alinipa suala ambalo mie sijapata kulisikia hata siku moja, kumbe wageni wanamuuliza yeye jikoni kama Ramadhani watapata chakula cha mchana, wanaona haya kuniuliza mie nimevaa mtandio wangu. Suala hilo sasa lina posti yake, na kila mwaka nabadilisha tarehe tu kwa sababu Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na miaka hii imeangukia Februari ambayo ndo msimu wa wageni, wanauliza kweli kweli.

Ukimaliza pitia daftari utie alama masuala yanayoulizwa kabla mtu hajatoa pesa. Hayo ndo ya kuandika mwanzo. Pasiwedi ya wifi nayo ni suala lakini anaeuliza keshalipa, hilo bandika ukutani.

Na bei usiikimbie. Sie watu wa visiwani na hata wa bara tuna ugonjwa huu wa "bei njoo inboksi", sijui nani katuambukiza. Mtu anatafuta kanzu ya harusi, kakuta maduka 5, manne yanamwambia njoo inboksi na moja limeandika kuanzia hapa mpaka hapa, bei inategemea kitambaa na darizi, unafikiri ataanza na nani. Andika bei, andika na mwezi ulioiandika, ikipanda rudi ubadilishe. Anaekimbia kwa sababu ya bei angekimbia tu hata inboksi, tofauti ni kwamba huko angekupotezea nusu saa.

Posti moja kwa karibu

Ntakuonesha ile ya maji ilivokaa, mana ukiielewa moja unaziandika zote.

Sentensi ya kwanza ni jibu lenyewe, hakuna salamu, hakuna "katika ulimwengu wa leo". Niliandika kwamba Jambiani maji yanajaa mara 2 na kukupwa mara 2 kwa siku, kutoka kujaa mpaka kukupwa ni saa 6 na dakika chache, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwenye haraka kashapata chake hapo, anaweza kwenda. Mara nyingi haendi, akishapata jibu ndo anatulia anasoma yaliobaki.

Ndo nikaeleza kwa nini. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti ya juu na chini inafika kama mita 4, na kwa vile pwani yetu imelala tambarare mita 4 hizo za kwenda juu zinageuka kuwa mwendo mrefu wa kwenda mbele, ndo ukaona bahari imehama. Siku za bamvua maji yanakupwa mida ya saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Zikija siku za maji mafu mambo yanageuka, yanajaa asubuhi lakini hayajai sana wala hayakupwi sana. Hayo sikuyatoa kwenye kitabu, n'likaa na mvuvi jirani yetu barazani, kahawa na kashata, nkamuuliza kama mtoto mdogo na nkaandika. Yeye mwenyewe alishangaa, akaniambia hivi vitu vya kuandikwa kweli hivi. Ndio vya kuandikwa. Unachokijua kwa mazoea mpaka hukioni tena ndo mtu wa Poland anakitafuta, na hawezi kukipata kwa anaeandika kuhusu Zanzibar akiwa hajapata kulowa mguu hapa.

Chini ya maelezo nikaweka jedwali dogo la mwezi ule, saa za kujaa tu, za mchana, na picha 2 zilizopigwa pahala pamoja siku moja, moja saa nne na moja saa kumi, mnazi ule ule pembeni. Picha hizo ndo zilofanya kazi kubwa kuliko maneno yangu yote. Kisha nikaandika cha kufanya maji yakiwa hayapo: kutembea mchangani na mtu anaejua njia, viatu miguuni kwa sababu ya wale wadudu wenye miba, kuwaona kinamama wa mwani ambao kilimo chao cha biashara huku upande wa mashariki kimeanza mwishoni mwa miaka ya 80, na kula chakula cha mchana taratibu.

Mwisho kabisa nikatia sentensi iliyoleta ugomvi nyumbani, kwamba kama unataka kukoga saa yoyote unayoamka basi Jambiani si pahala pako, nenda Nungwi au Kendwa, huko maji hayaendi mbali.

Ami alisomewa akavua miwani. "Sasa mwanangu, unawapeleka wageni kwa wenzako?"

"Ami, hao wangekuja kwetu wangetupa nyota 2."

Akanyamaza, akaagiza kahawa. Hakusema niifute.

Na wanaokuja sasa wanakuja na saa zao. Kuna bibi mmoja wa Ujerumani alifika na jedwali kalichapisha karatasi kaikunja kwenye kitabu, hata mapokezi hakuuliza kitu, kaniambia tu kesho atakunywa chai mapema kwa sababu maji saa tatu. Yeye na wenziwe wa namna hiyo ndo wanaokaa siku 8, siku 10, mana wanajua walichokifuata.

Kwa hivo ukitafuta pa kuanzia, usianze na sifa ya biashara yako, anza na ile habari mbaya unayoifichaficha. Chumba cha juu kina joto mchana. Kitambaa hichi kinatoa rangi fuo la kwanza. Boti haitoki kusi likiwa kali. Iandike na dawa yake pembeni.

Lugha ya mteja

Sie wageni wetu wa nje kwa hivo tunaandika Kiingereza, lakini biashara yako si lazima iwe hivo, na watu wengi wanadanganyika hapa, wanaona blogu lazima Kiingereza mana intaneti ni Kiingereza. Shoga yangu wa Mwanakwerekwe anapaka hina na kupamba mabibi harusi, wateja wake ni kina sisi, wengine wako Dar, wengine Mombasa, na wengine Maskati wanakuja kuoa na kuolewa huku. Nikamwambia andika Kiswahili, kile kile unachosema ukiwa umemshika mtu mkono. Suala lake nambari moja lilikuwa tofauti ya hina na piko. Akaandika bila kumung'unya maneno, kwamba hina ya majani inatoka nyekundu inayoelekea hudhurungi na rangi yake inaiva baada ya siku moja mpaka mbili kwa hivo paka siku 2 kabla ya harusi usipake asubuhi ya harusi, na ile piko nyeusi inayokauka haraka mara nyingi inatiwa dawa ya nywele yenye kemikali inaitwa PPD ambayo ngozi za watu wengine haziiwezi, zinavimba na kutoka malengelenge na alama inabaki. Akaweka picha ya mkono wa mwanamke yule yule saa 2 baada ya kubandua na baada ya siku 2. Basi. Mama za mabibi harusi wanatumiana linki ile kwenye magrupu ya familia kama dua.

Kiswahili tena kina faida moja, huko hamna msongamano. Na Pemba ni hivo hivo kwa lugha yoyote. Mwenye gari za kukodisha Chake Chake au mwenye boti ya kwenda kisiwa cha Misali akiandika tu vizuri jinsi ya kufika Pemba, msitu wa Ngezi unaingiaje, popo wa Kidike ukawaone saa ngapi, hana wa kushindana nae wengi, wakati mie huku nikiandika neno spice tour, ile ziara ya viungo, nashindana na dunia nzima.

Cha kukuonya ni tafsiri ya mashine. N'lijaribu kujifanya mjanja, nikachukua maelezo yangu ya Kiswahili nikayabonyeza yakatoka kwa lugha 5 kwa mpigo. Maji mafu yakatafsiriwa maji yaliyokufa. Mgeni akaniuliza kwa heshima sana kama bahari yetu imechafuka na samaki wamekufa. Tumia mashine ukitaka lakini mtafute mtu anaeijua lugha akusomee kabla hujairusha, mpe chakula cha mchana. Na zile programu za kukuandikia posti nzima nazo ndo zile zile sababu 10 za mchanga mweupe, zimepigwa pasi tu.

Nyumba iwe kwa jina lako

Sie wa umri wangu neno blogu likitajwa tunaikumbuka blogu ya Michuzi, iliyoanza 2005, watu maofisini walikuwa wanaifungua asubuhi kabla ya chai. Kwa hivo wengi bado wanafikiri blogu ni habari na picha za matukio. Ya biashara si hiyo. Hii ni kama kaunta yako ambayo haifungwi.

Wengine watasema Instagram inatosha. Instagram tunayo na inasaidia, lakini posti ya Instagram baada ya siku 2, 3 imeshazama, hakuna anaeifukua, wakati ile ya maji niliiandika zamani na bado inasomwa leo. Instagram ni kupaza sauti sokoni, blogu ni kibao cha dukani, vyote viwe na kazi yake, na kila unachokipaza huko kimrudishe mtu huku.

Programu za bure zipo. Blogger ipo tangu 1999 na ni ya Google, WordPress ipo tangu 2003 na ndo inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya websaiti za dunia, kwa hivo mafundi wake wako wengi hata hapa mjini. Kwa biashara mie nakushauri WordPress na domeni yako mwenyewe, yaani anuani ya websaiti, iwe .com au .co.tz, fupi, isiyokuwa na vistari, ambayo ukiitamka kwenye simu mtu anaiandika sawa.

Sasa sikiliza hili la domeni mana limeniuma. Ya kwanza tulitengenezewa na kijana mmoja fundi, mzuri tu wa kazi, akasajili kila kitu kwa imeili yake na jina lake, sie hatukuuliza. Mwaka wa pili kahama, namba haipatikani, domeni ikafika siku ya kulipiwa hakuna aliyelipa. Asubuhi moja nafungua websaiti nakuta ukurasa wa matangazo ya kitu sijui nini. Posti zote, picha zote, kadi za biashara 500 zenye anuani ile, kwisha. Ile ya maji iliponea kwa sababu nilikuwa naandika kwanza kwenye notsi za simu, umeme wetu na mtandao wetu mnaujua wenyewe. Kwa hivo kabla hujampa fundi hata shilingi mwambie domeni isajiliwe kwa jina la biashara na imeili yako, lipa mwenyewe, pasiwedi kaa nazo mwenyewe, washa ule ulinzi wa hatua mbili, na kila mwezi chukua nakala ya blogu nzima uiweke pengine. Fundi mpe nafasi ya kufanya kazi, usimpe hati ya nyumba.

Vidogo vidogo vinavyomfukuza msomaji

Picha ya simu siku hizi ina MB 4 au 5, ukizipandisha 6 kama zilivo umemmalizia mtu bando lake kabla hajaona jina lako. Zipunguze kwanza, chini ya KB 200 kila moja inatosha kabisa, programu za kupunguza ziko bure. Jina la faili nalo usiache IMG na manamba, andika jambiani-maji-yamekupwa, na pale panapotaka maelezo ya picha eleza kwa sentensi moja kilichomo, inamsaidia asieona na inaisaidia Google. Kichwa cha posti kisizidi herufi 60 hivi, kikizidi Google inakikata.

Usimpige picha mtu ukamtia kwenye blogu bila kumuuliza, wala watoto wa watu. Kinamama wa mwani wamechoka kuwa mapambo ya websaiti za watu. Mie nawauliza, wakikataa basi, wakikubali nawaonesha na posti yenyewe, na aliyekubali huwa ananiletea masuala mapya kuliko mtu yoyote.

Kila posti iishie na kitu kimoja cha kufanya. Kimoja. Sie ni linki ya WhatsApp, ile ya wa.me, unaweza kuitia ujumbe tayari ndani yake, yetu ikibonyezwa inaandika "Nimesoma posti ya maji, nataka chumba tarehe" na mtu anamalizia mwenyewe. Hapo hapo ushajua katokea posti gani, bila ya hesabu ngumu.

Uandike lini

Wataalamu watakwambia kila wiki. Kila wiki utaandika lini na unauza, unapika, unapokea, unalea. Posti 2 kwa mwezi zinatosha, mwaka unakuwa na 24, na 24 zenye majibu ya kweli ni duka zima. Ila mie hata hizo 2 siziandiki mwezi kwa mwezi. Naandika masika. Kuanzia Machi mwishoni mpaka Mei mvua inapiga, wageni hamna, wafanyakazi nusu wako likizo, ndo nakaa na daftari naandika 10, 12, nazipangia tarehe zitoke zenyewe. Na inakaa vizuri kwa sababu Google haikuoneshi siku ile ile, posti inaweza kuchukua miezi kabla haijaanza kupanda, kwa hivo ya Aprili inaiva msimu wa Juni mpaka Oktoba.

Kwa hesabu hiyo hiyo mambo ya tarehe yaandike mapema. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi ni Julai, ukiandika Julai umeandika kwa ajili ya walioko hapa tayari. Tamasha la muziki la Sauti za Busara ni Februari pale Mji Mkongwe, mtu wa nje anakata tiketi ya ndege miezi kabla, andika Septemba, Oktoba. Wenye skuli za kaiti, ule mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa tiara, pale Paje wanajua, suala la upepo wa kusi wanaulizwa kusi halijaanza.

Kisha zipitie za zamani, kazi hii watu hawaipendi na ndo inayolipa. Nilikuwa na posti ya vitu vya kutayarisha kabla ya safari, nzuri, inasomwa. Tarehe 1 Oktoba 2024 ikaja bima ya lazima kwa wageni wa nje wanaoingia Zanzibar, ilipoanza ilikuwa dola 44, na posti yangu haina hata neno bima. Mgeni kafika uwanja wa ndege anaambiwa alipe, kanipigia, "mbona kwenye orodha yenu haimo?" Hana kosa. Tokea hapo kila posti yenye bei, sheria au ratiba nimeitia tarehe ya mara ya mwisho kukaguliwa, na kila baada ya miezi 3 nazipitia hizo tu, zile za mwezi na bahari hazibadiliki ila jedwali tu.

Serikali na leseni

Pitia TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kabla. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, na kwa blogu ada zikijumlishwa zilikuwa zinapita shilingi milioni 2, wengine wakafunga siku ile ile. Mwaka 2020 zikaja kanuni mpya, nazo zimerekebishwa tena baada ya hapo. Peleka maelezo ya unachotaka kuandika, waulize biashara yako inaingia kundi gani, na jibu lichukue kwa maandishi. Na ukishakuwa blogu ya biashara kaa kwenye biashara, usianze kutia habari za siasa na ajali za barabarani kwa sababu zinaleta wasomaji, hizo zinakutoa kwenye kundi moja zinakutia kwenye jengine, na hao wasomaji wala hawanunui kitu.

Unajuaje kama inafanya kazi

Laiki zisikupumbaze. Mie nina vitu 2. Kimoja Search Console ya Google, ni bure, inakuonesha maneno watu waliyoandika mpaka wakafika kwako, na humo unakuta masuala ambayo daftari halikuyashika. Niliona watu wanatafuta viatu vya kuvaa baharini Jambiani, nikaandika posti fupi kabisa, viatu vya namna gani na Darajani unavipata wapi. Cha pili ni lile daftari la skuli, ukurasa wa nyuma, kila anaepiga simu namuuliza katujua wapi na natia kijiti. Blogu, rafiki, Instagram, yale majukwaa ya bukingi. Wanaotoka kwenye majukwaa yanakata kamisheni yao, mara nyingi asilimia 15 au zaidi, wanaotoka blogu hawakatwi kitu, kwa hivo mwisho wa mwezi ami anahesabu vijiti mwenyewe, siku hizi hata miwani anavaa bila kuambiwa.

Usitegemee vijiti mwezi wa kwanza wala wa tatu. Kwetu baada ya ile posti ya maji ilipita miezi 5 kimya kabisa, nikaona n'lojisumbua bure, ndo akaja wa kwanza.

Haya mie naondoka, mwezi unaandama keshokutwa, lazima nikabadilishe jedwali la maji kabla yule bibi wa Ujerumani hajaniandikia, kasema anarudi na dada yake.